Kitenzi cha Baba

Watu wakisikia baba yangu alicheza mpira miaka kumi na saba
huuliza kwanza: alifunga mangapi?
Mawili, nasema. Moja kwao,
moja kwetu.
Basi mazungumzo hugeukia hali ya hewa.

Lakini kufunga ni neno pana.
Lawrence Spiteri, waliyemwita Loz
(kwetu jina refu halifiki jioni),
alikuwa mfunga njia.
Alifunga upande wa kushoto
kama bibi yake Mmalta alivyofunga dirisha la jikoni
kuzuia vumbi jekundu la Whyalla:
kila siku, bila kusifiwa,
na vumbi likaingia hata hivyo.

Kiwanda cha chuma kilipaka mji mzima kutu,
mashuka kambani, migongo ya kondoo.
Kiwanja hakikuwa na nyasi za kutaja.
Ukiteleza kuukata mpira, goti linabaki na ramani
ambayo hata sasa, akivaa kaptura, naisoma:
hapa Adelaide, hapa Perth,
hapa penye kovu jeupe, Uskoti.

Uskoti! Daraja la pili, uwanja uliopakana na bahari,
mvua ikija ubavuni kama winga.
Miaka minne.
Mimi nilijifunza kutembea juu ya zulia la kupanga.
Jumamosi moja mzee mmoja jukwaani alimpigia kelele
arudi kwa kangaruu wake,
na Jumamosi iliyofuata mzee huyo huyo akamletea skafu.
Baba hakuwahi kutueleza alifanya nini
katikati ya hizo Jumamosi mbili.
Nadhani alikaba tu.

Timu ya taifa ilimwita mara moja.
Suva, joto la kuchemsha chai, dakika kumi na moja za mwisho,
tunaongoza kwa sita, hakuna wa kumkaba.
Anasema aligusa mpira mara tatu.
Mama anasema mbili.
Jezi iko kabatini, ya njano,
haijafuliwa.

Sasa lile la pili.
Nusu fainali, Newcastle, dakika ya themanini na nane,
krosi ya chini, mshambuliaji mgongoni,
akaunyoosha mguu alioutegemea maisha yake yote.
Amejifunga, akasema mtu nyuma yetu,
kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya mkate.
Nilikuwa na miaka tisa.
Nilimwona akiingia wavuni mwenyewe,
akauokota ule mpira, akaufuta kwa jezi,
akampa kipa mkononi
kama anayerudisha kitu alichoazima.

Goti lilimaliza yaliyobaki. Akafunga virago.
Hapakuwa na mechi ya kumuaga,
ila keki, na jina lake limekosewa herufi moja.

Siku hizi anajenga uzio
kuzunguka mabwawa ya kuogelea, nyumbani kwa watu, Port Augusta.
Sheria ya huko haina mzaha:
geti lisisubiri mkono wa mtu.
Ukiliachia, popote lilipo,
lijifunge lenyewe,
na komeo likae juu asipofika mtoto.

Jana nilimsindikiza, nikambebea sanduku la vifaa.
Alilifungua geti, akaliachia.
Akalifungua nusu, akaliachia.
Akaliacha wazi upenyo wa vidole viwili tu,
ule uzembe ambao hakuna anayeukumbuka baadaye.
Mtoto wa mwenye nyumba, Tilly, miaka miwili,
amevaa chupi ya kuogelea yenye picha za papa,
alisimama nje ya vyuma akiyatazama maji.

Geti likarudi taratibu, likagonga: ta.
Limejifunga, nikasema,
kisha nikauma ulimi.

Baba hakugeuka.
Alilifungua tena, akalitegea sikio,
akanyoosha mkono apewe bisibisi.
"Linachelewa kidogo," akasema.